Kulala Ndani ya Sumaku

Kilichoanza kupotea kilikuwa kiatu. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja mwaka 2012, mvua zimekwisha kuilainisha njia ya kutoka nyumbani kwetu hadi shuleni, hapa Kibondo. Niliingia kidato cha tano kufundisha fizikia, nikaandika kichwa cha somo ubaoni, nikageuka, nikakuta darasa zima linanitazama miguu. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu. Wa kushoto ulikuwa na soksi iliyojaa tope jekundu. Wasichana wawili walitoka bila kuambiwa, wakafuata njia niliyopita, wakarudi nacho. Walisema kilikuwa kimenasa karibu na kisima, mbali kabisa. Nilikuwa nimetembea umbali ule wote, na mguu haukunipa habari.

Naitwa Generoza. Ni mwalimu, mke wa bwana shamba, na mama wa binti mmoja, Adela. Haya nayaandika kwa mtu ambaye sasa hivi amelala chali mahali fulani, amekwisha kuzijua mbao zote za dari. Dawa zinavyofanya kazi mwulize daktari. Mimi nitakwambia tu ilivyokuwa.

Mgongo ulikuwa umeniuma tangu kiangazi, sikuutilia maanani. Katika milima hii ni nani asiyeumwa mgongo? Tunalima, tunabeba maji, tunabeba watoto, na mimi juu ya hayo nilikuwa nasahihisha madaftari hadi shingo inakakamaa. Kila jioni kijoto kilinijia, chepesi, karibu kitamu, kama mtu anayekufunika shuka taratibu. Nilikaa kwenye kigoda nje ya jiko nikitazama ukungu unavyopanda kutoka bondeni, na mara nyingine ukungu ule uliniingia hadi kichwani, nikasahau nilichokuwa napika. Gauni zikalegea. Pete ya ndoa ikaanza kuteleza, nikaizungushia uzi.

Kufika mwezi wa kwanza mwaka uliofuata, miguu haikuwa yangu tena. Niliiona pale mwisho wa kitanda, niliitambua, nilijua kovu la jembe lililo gotini, lakini ilikuwa kama miguu ya mgeni aliyekuja kulala kwetu na hajasema ataondoka lini. Katikati ya mgongo kilikuwa kimejitokeza kinundu. Adela, aliyekuwa na miaka tisa, alikigusa kwa kidole kimoja, akaniuliza kama kuna kitu kinataka kutoka.

Hospitalini nilipewa benchi kabla ya kupewa jina la ugonjwa. Wewe unayesoma, zoea benchi. Ukikaa siku nyingi kwenye benchi moja unaanza kuwajua watu kwa vikohozi vyao. Unajua nani amekuja na chai kwenye chupa na nani atakukaribisha. Jua linaingia kwa mlango wa mashariki, linakufikia miguuni, linapanda magotini, linakuacha. Mimi nilikuwa naliona likiwa juu ya miguu yangu, nami sijui kama ni la moto.

Daktari wetu alikuwa mtu wa Pwani, anavaa sweta chini ya koti jeupe. Aliishika picha ya eksirei dirishani, akanionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zilizokuwa kama mahindi yaliyogugunwa na panya. Alisema inaweza kuwa moja ya mambo mawili. La kwanza alilitaja: kifua kikuu, ambacho wakati mwingine huacha mapafu kikaingia mifupani. La pili hakulitaja, alitazama nje. Alisema eksirei imefika mwisho wa uwezo wake. Ilihitajika picha ya mashine ya sumaku, ile wanayoiita MRI, na hiyo ilikuwa Dar es Salaam. Akaandika barua ya rufaa, tukaanza kungoja tarehe.

Hapo ndipo nyumba yangu ilipopata ufa. Mume wangu, Laurenti, alikuwa kutwa nzima kwenye pikipiki, leo Kasanda, kesho Mabamba, na mimi nilihitaji mtu wa kunigeuza kitandani, kunisafisha, kunilisha. Jumapili moja baada ya misa alisema ingefaa nikakae kwa mama yangu, Rungwe Mpya, kule Kasulu, na Adela abaki Kibondo asiache shule. Alisema kwa sauti ya chini, akiikunjakunja kofia yake. Nilijua ana haki. Nilijua pia kwamba mwanamke akipakiwa kwenye gari na godoro lake kupelekwa kwao, watu hawaulizi mengi.

Mama yangu hakuuliza hata moja. Alinipokea, akanilaza kwenye kitanda cha mbao kilichokuwa cha baba, Mungu amrehemu, akatoka nje ambako Laurenti alikuwa anafungua kamba za mizigo. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia akisema polepole, kwa Kiswahili, kana kwamba Kiha, lugha yetu, kilikuwa cha karibu mno kwa siku ile: "Mtu akinunua mbuzi akaugua, humrudisha kwa mwenyewe. Sawa, baba. Tumempokea." Gari liliwaka, likaondoka.

Wiki zile nazikumbuka kama mtu anavyokumbuka alichokiona chini ya maji. Mvua za masika juu ya bati, harufu ya mihogo iliyolowekwa, mama akinigeuza ubavu mmoja hadi mwingine ili ngozi isichubuke, kila mara akininong'oneza "mwana wanje, mwana wanje", mwanangu, mwanangu, kama nilipokuwa mchanga. Homa ilinipeleka na kunirudisha. Nilikuwa nikifundisha darasani, nikifumbua macho nakuta kuku mlangoni. Laurenti alikuja mara mbili, akakaa kando ya kitanda na kofia yake. Mama alimpa kiti, akampa maji ya kunywa, hakumpa chakula. Kwetu, mkwe kuondoka bila kula ni maneno mazito kuliko matusi.

Tarehe ilipotoka, mwezi wa tano, Laurenti alikuja na ruhusa ya kazi mkononi. Bi Saada, mwenye duka la vitambaa Kasulu mjini ambaye mama hununua kwake, alikuwa ametupatia jina la dada yake wa Temeke, akatuambia tufikie pale kama kwetu. Vijana wa kijiji walinibeba kwa machela hadi barabarani. Kutoka Kigoma tulipanda treni, nikiwa nimelazwa kwenye behewa la kulala, na kwa siku mbili na zaidi nchi ilipita dirishani bila mimi kufanya lolote: miombo, vituo vyekundu, wanawake wameinua mabeseni ya asali na karanga, tena miombo. Laurenti alinisafisha mwenyewe mle ndani, amening'iniza kanga mlangoni. Hakuwahi kufanya hivyo kabla. Nilitazama dari, yeye alitazama kazi yake.

Chumba cha kungojea cha Dar kilikuwa na baridi ya kutengenezwa na viti vilivyofungwa pamoja. Muuguzi alinitoa hereni, chupio za nywele, pete na uzi wake. Kisha nikaingizwa kwa mtaalamu wa mashine, bwana mmoja mrefu wa Upareni aliyeitwa Elinami, mwenye mvi kwenye masikio na sauti ya mtu asiye na haraka. Mashine ilikuwa kama pipa kubwa jeupe lililolazwa, na tundu katikati. Nililazwa juu ya ubao, nikapewa mpira mdogo wa kubonyeza nikizidiwa, ubao ukateleza ndani.

Nilibonyeza kabla hata haijaanza. Dari ilikuwa mbele ya pua yangu. Miguu siihisi, mikono imebanwa, nikawa kichwa tu kilichowekwa kwenye sanduku. Walinitoa nikiwa nimelowa jasho. Niliona aibu, maana nilijua wangapi walikuwa nje wakingoja zamu, na sisi tulikuwa tumetoka mbali namna ile.

Elinami hakunigombeza. Alivuta kigoda, akakaa, akaniuliza nyumbani nafanya kazi gani. Nikamwambia nafundisha fizikia. Akanitazama upya, kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

"Basi mwalimu, usilale tu mle kama mzigo," alisema. "Nitakwambia kinachotokea, nawe ukifuatilie."

Alinieleza hivi. Mwili wa mtu sehemu kubwa ni maji, na katika kila tone la maji mna hidrojeni. Kiini cha kila hidrojeni ni kama pia inayozunguka, ile wanayochezea watoto, na kwa sababu inazunguka nayo ni sumaku ndogo. Tukiwa huku nje, hizo sumaku ndogo zinaelekea kila upande, hakuna inayomjua mwenzake. Ndani ya ile sumaku kubwa zinajipanga. Wala si zote, alisema. Ni kwamba zinazoelekea upande wa sumaku kubwa huzizidi kidogo sana zile za upande wa pili. Lakini maji ni mengi, na hicho kidogo kinachozidi, kikijumlishwa, kinakuwa usumaku mmoja uliosimama wima ndani ya mtu.

"Hapo ndipo napiga," alisema. "Wimbi la redio, kwa kitambo kifupi, kwa masafa yake hasa, kama unavyotafuta stesheni. Ukikosea masafa, hazikusikii. Ukipatia, zinainama zote pamoja hadi zinalala upande. Nikikata wimbi, zinaendelea kuzunguka zikiwa zimelala, na huko kuzunguka ndiko kunakotupa sauti. Mimi nasikiliza tu. Halafu zinainuka, kila mahali kwa wakati wake. Kwenye mafuta zinawahi. Kwenye maji zinachelewa."

"Na kwenye usaha?" nikauliza.

"Usaha nao una mwendo wake. Ndio tunaoutafuta."

Sijui kwa nini lilikuwa muhimu, lakini nilimwuliza kama zikishalazwa zote hurudi kusimama.

"Zinarudi, mwalimu. Sijaona iliyobaki imelala."

Akaniambia pia kwamba kelele nitakazozisikia si za lile wimbi, kwani wimbi halina sauti. Ni nyaya za ndani ya mashine zinatikisika zinapowashwa na kuzimwa ili kujua sauti inatoka pingili ipi. Kisha akauliza kama ningependa mtu wangu aingie. Nilisema sijui. Elinami akaenda mlangoni, na nilipogeuza macho nikamwona Laurenti anavua mkanda, saa, anatoa simu na funguo mifukoni, anaingia ameshika suruali kwa mkono mmoja isidondoke. Tukawekewa vizibo vya masikio. Ubao ukateleza.

Safari hii nilifumba macho mapema. Ngo, ngo, ngo, ikaanza, halafu mlio mrefu kama wa mashine ya kusaga nafaka inayosikika kutoka kijiji cha pili. Nikaanza kufuatilia. Sasa zimesimama. Sasa amepiga. Sasa zimelala, maji yote ya mwilini mwangu yameinama upande mmoja kama shamba la ulezi likipitiwa na upepo, na hakuna anayelisikia isipokuwa bwana mmoja wa Upareni nyuma ya kioo. Nikawaza ni maji gani haya. Mengine ni ya kisima cha Kibondo, mengine ya mvua iliyokingwa kwenye bati la mama, mengine nimeyanywa kwenye treni kutoka kikombe alichonishikia Laurenti. Yamelala. Yanainuka. Yale ya miguuni pia, nikawaza. Yale ambayo mimi mwenyewe siyasikii, yeye anayasikia. Miguu yangu ilikuwa inaitika kwa mtu mwingine. Jambo lile liliniingia kama usingizi mwema. Sijui nilikaa mle muda gani. Ilipogonga mara ya mwisho nilisikitika kidogo.

Ubao ulipotolewa nikaona mkono. Laurenti alikuwa amesimama mwisho wa mashine, ameinama, suruali ameibana kwa kiwiko, na kiganja chake kimeufunika mguu wangu wa kushoto, vidole vyote.

"Umeushika tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu ulipoingia."

"Sikuhisi, Baba Adela."

"Najua," alisema. Hakuutoa mkono.

Picha ilionyesha mfuko wa usaha umekaa kando ya uti wa mgongo na kuubana. Sindano ndefu ilichukua usaha ule, na baada ya siku kadhaa za viti vya baridi tukaambiwa ni kifua kikuu, si lile la pili. Laurenti alilia pale pale dirishani pa kuchukulia majibu, mtu mzima, mbele ya foleni. Yule aliyekuwa nyuma yetu akamshika bega, akamwambia pole, akidhani tumepewa habari mbaya. Tulirudi na mkanda mgumu wa kiunoni, na karatasi iliyosema nitakunywa dawa mwaka mzima kupitia kliniki ya Kasulu, na kwamba nisikae wala kusimama hadi nitakapoambiwa.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ya vidonge vingi na kichefuchefu. Mkojo ukawa mwekundu wa kutisha. Hata machozi yalikuwa na rangi, yaliacha alama ya njano kwenye foronya. Siku ya kliniki, nikiwa nimelazwa kwenye benchi, nilimweleza jirani yangu, mama mmoja Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi aliyekuwa na kadi ya dawa kama yangu, kuhusu damu ile ya mkojo. Aliniinamia, akaniwekea kiganja kifuani. "Haiko damu, mama," aliniambia. "Iko rangi ya dawa tu. Mimi pia, miezi sita nakojoa kama vin, ile divai ya padri." Nilicheka hadi mgongo ukauma. Sikuwa nimecheka tangu kiatu. Kama unaanza dawa leo, lichukue neno la mama yule, ni lako.

Mama yangu ndiye aliyepewa kazi ya kusimamia dawa. Kila asubuhi, baada ya salamu yetu ya asubuhi, "mwakeye", na kufungua dirisha, alisimama akanitazama nikimeza, akanifungulisha kinywa kama mtoto. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi kali, pumzi zetu zinaonekana, nilimsimulia habari za mguu na mkono wa Laurenti. Aliendelea kukunja blanketi. Jumamosi Laurenti alipokuja, pamoja na Adela, mama alikuwa ameshachinja jogoo. Alimwekea mkwewe maji ya kuoga, akampikia ugali wa muhogo, akaketi mbali kidogo kuhakikisha anamaliza. Basi. Hakuna aliyeomba radhi, wala mbuzi hakutajwa tena.

Adela yeye ilimchukua muda. Mkanda ulimwogopesha, na nywele zangu zilizokatika. Alisimama mlangoni na daftari lake, akanisomea kutoka pale pale. Safari ya pili alisomea kwenye kigoda. Ya tatu alipanda kitandani. Usimharakishe mtoto, mtoto anajua umbali wake.

Kiangazi kikapita, moshi wa nyasi zilizochomwa ukalala juu ya vilima, mvua zikarudi. Nilikuwa nimelazwa barazani siku hiyo, mwezi wa kumi na moja, mama akipura maharage uani. Nikahisi kitu kama cheche. Kilikuwa mbali, sikuelewa kinatoka wapi, kama mtu anayeita jina lako kutoka kilima cha ng'ambo. Kikaja tena. Nikainua kichwa. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto alikuwa ameng'ang'ania siafu.

Nilimwita mama. Alikuja na fimbo ya kupuria mkononi, akamtazama siafu, akanitazama.

"Amekuuma?" aliuliza.

"Ameniuma."

"Inauma?"

"Inauma, mama."

Aliuliza mara ya tatu. Kisha akakaa chini sakafuni, akamng'oa yule mdudu kwa kucha, akaufuta mguu wangu kwa pembe ya kanga yake, polepole, kidole kwa kidole, na kila kidole akangoja nimwambie.

Yaliyofuata yalikwenda kwa mwendo wa mazao. Krismasi nilikuwa naweza kukunja goti. Mahindi yalipobeba nilikaa kitako na mkanda. Maharage ya pili yalipoanikwa nilisimama nikishikilia fremu ya mlango, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba kizingiti cha mama kimelika katikati kwa miguu ya watu. Mwezi wa tano mwaka 2014 nilimeza kidonge cha mwisho. Muuguzi alifunga kadi yangu, akaipiga muhuri, akasema niende nyumbani. Nilitoka nikakaa kwenye benchi saa nzima, sina ninachongoja. Hakuna anayekwambia kwamba utalikosa hata benchi.

Nilirudi Kibondo mwezi wa saba kwa magongo mawili, baadaye fimbo moja. Wakati bado nakaa nyumbani nilimpigia simu Elinami wa mashine ya sumaku, kwa namba aliyokuwa amempa Laurenti, kumshukuru. Alikumbuka. Tuliongea kuhusu afya, mvua, watoto, halafu akasema kuna jambo hakulimaliza siku ile.

Alisema aliponiambia zote zinarudi, hakunidanganya. Kusimama zinasimama tena zote. Lakini kule kwenda pamoja ni habari nyingine. Zikishalazwa zinaanza kuzunguka kwa umoja, ila mahali pamoja sumaku ina nguvu zaidi kidogo na pengine pungufu kidogo, hivyo moja inawahi, nyingine inabaki, na baada ya muda mfupi zimetawanyika na sauti imekufa, ingawa bado zimelala na bado zinazunguka. "Ungedhani yamekwisha," alisema. "Lakini ukizipiga pigo la pili, kubwa mara mbili ya lile la kwanza, zinageuzwa. Aliyekuwa mbele anajikuta nyuma, na mwendo wake ni ule ule. Ukingoja kwa muda ule ule uliopita, zinakutana. Sauti inarudi yenyewe. Tunaiita mwangwi."

Nilizunguka na jambo hilo kwa miezi. Nilikuwa nalilalia, naliamkia, nikiwa jikoni nalikoroga na uji. Niliporudi kazini, mwanzoni mwa mwaka 2015, halikuwemo kwenye muhtasari wa masomo na sikujali. Alhamisi moja, mvua imepumzika na nyasi zinang'aa, niliwatoa kidato cha sita hadi uwanja wa mpira. Hatukuwa na chokaa ya kuchora mstari, nikalaza fimbo yangu kwenye nyasi, nikasema mstari ndio huo. Nilijiegemeza kwa bega la mwanafunzi mmoja, Odilia, niliyempa kazi ya kushika saa.

Niliwaambia filimbi ya kwanza wote waanze kutembea kwenda mbele, kila mtu kwa mwendo wake, na asiubadilishe hata akiachwa, hata akiona aibu. Filimbi ya pili wageuke hapo hapo walipo, warudi kwa mwendo ule ule. Wakaniuliza nani atashinda. Nikasema tutaona.

Nikapuliza. Walianza mstari mmoja, bega kwa bega, mashati meupe. Baada ya kitambo walikuwa wametapakaa: wenye miguu mirefu karibu na goli la mbali, wengine katikati, na wawili watatu wa polepole karibu kabisa nasi. Ungewaona usingesema walianza pamoja. Odilia alinionyesha saa, nikapuliza tena. Wakageuka. Wa mbali sasa walikuwa wa mwisho, wa polepole wako mbele, kila mmoja anatembea kimya, anatazama mbele kama mtu aliye katika ndoto yake. Umbali ukawa unapungua. Hakuna aliyekimbia. Kisha, bila mtu kuamuru, wakaanza kuwa mstari tena, nikaona bega linakutana na bega, nikaona kwenye nyuso zao kwamba wameelewa kabla miguu haijafika.

Mmoja hakufika nao. Alikuwa amesimama katikati kufunga kamba ya kiatu, akabaki nyuma peke yake. Nikamwambia Odilia aandike na huyo. Mwangwi haurudi mzima, kila mara hupungua kidogo, na ni lazima uandikwe ulivyo. Mguu wangu wa kushoto hadi leo unaburura wakati wa mvua, na sitakuficha wewe unayesoma.

Lakini siku hiyo sikuwa nimefikiri jambo moja, kwamba darasa zima lingefika juu ya mstari kwa wakati mmoja, na mimi nimesimama juu ya mstari. Walikuja kama ukuta mweupe, hawapunguzi, maana niliwakataza. Odilia aliruka kando na saa yake. Mimi nikarudi nyuma. Hatua moja, mbili, tatu, nne, upesi upesi, kisigino kikitafuta ardhi na kuipata.

Wakasimama. Odilia aliiokota fimbo kwenye nyasi, akaipangusa tope, akaninyooshea kwa mikono miwili kama inavyostahili kumpa mkubwa.

"Mwalimu, fimbo yako."

"Ishike kwanza," nikamwambia.